Mnong'ono Alioupa Mtambo

"Niongezee huyu mwanaume," alisema Tetere kutoka chumba cha kurekodia, mkono mmoja umebana hedifoni sikioni. "Simsikii vizuri. Nataka awe karibu, kama ananisemesha shingoni."

"Mwanaume yupi, mama?" aliuliza Prodyuza kwenye maiki yake, ingawa alijua.

"Wangu. Kwani humu kuna mwingine?"

Prodyuza alisukuma kitufe juu kidogo, kisha akamtupia jicho la wizi mzee aliyeketi kwenye sofa nyuma yake. Mzee alikuwa na skafu shingoni na kikombe cha chai iliyopoa mkononi, na alikuwa akimtazama mke wake kupitia kioo. Mke wake alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Alikuwa akimtabasamia mwanaume aliyekuwa akiimba kwenye hedifoni, na mwanaume huyo alikuwa yeye mwenyewe, mzee wa kwenye sofa, wa miaka zaidi ya ishirini nyuma.

Sijui kama umewahi kuona mtu anajionea wivu. Chiriku alijionea wivu hadi mate yakamkauka.

Enzi zao waliitwa Chiriku na Tetere, na majina yao ya kuzaliwa walishayasahau hata majirani. Walikuwa mume na mke, maiki moja katikati yao, magitaa na tarumbeta nyuma yao. Hakuna harusi ya maana iliyofungwa bila wao. Watu walichumbiana kwa nyimbo zao, wakaachana kwa nyimbo zao, wakarudiana kwa hizo hizo. Kisha Chiriku akaota uvimbe kooni. Daktari akaukata uvimbe, na sauti ikaondoka nao.

Baada ya upasuaji Tetere aliishi naye mwaka mzima, na mwaka huo wote mwanaume hakumwambia mke wake neno. Akitaka maji ya kunywa, anaandika ujumbe kwenye simu, anautuma, na simu ya Tetere inalia chumba hicho hicho. Akiulizwa jambo, anagonga meza kwa ukucha: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mwisho Tetere alifunga sanduku lake, akahamia kwa dada yake mtaa wa pili. Hawakupeana talaka. Hata kugombana hawakugombana, maana utagombanaje na mtu anayegonga meza?

Sasa kuna jambo ambalo Tetere hakulijua, na ni afadhali wewe ulijue mapema, usije ukamhurumia mtu kupita kiasi. Chiriku alikuwa na sauti. Si ile ya zamani. Ilikuwa mnong'ono mkavu, unaokwaruza kama msasa kwenye ubao, lakini maneno yanasikika yote. Aliupata miezi michache tu baada ya upasuaji, kwa mazoezi aliyofundishwa kliniki. Dada yake aliusikia. Kinyozi wake aliusikia. Prodyuza alikuwa akiusikia kila siku, Tetere akishaondoka. Mtu mmoja tu duniani hakuwahi kuusikia, naye ni mkewe.

Albamu ilikuwa wazo la Prodyuza. Alizikuta kanda zao stoo kwa kampuni ya muziki, zimerundikwa chini ya viti vibovu, akazisikiliza wiki nzima, akaenda kuwasumbua wakubwa mpaka wakakubali ili wapumzike. Nyimbo zilikuwa kumi, zile zile za zamani, ila alizivua nguo zote. Siku hizi mtambo unaweza kumchomoa mwimbaji kwenye bendi kama unavyochomoa mwiba mguuni. Akamchomoa Chiriku kijana, akatupa magitaa, akatupa tarumbeta, akapunguza kasi. Pembeni yake akaweka vinanda vya umeme vinavyovuma kama friji kwenye nyumba isiyo na watu, na besi inayopiga polepole kama mtu anayetembea ghorofa ya juu. Sauti ya mume ingebaki ya kwenye kanda. Sauti ya mke ingerekodiwa upya, nzito ilivyo sasa, na umri wake wote ndani.

Wote wawili waliitwa. Mke aje aimbe. Mzee aje akae tu, awe mshauri.

Ndivyo walivyokutana tena.

Walipomaliza wimbo wa siku hiyo walikaa kwenye benchi uani kwa studio, karibu na jenereta lililofunikwa turubai. Tetere alikuwa na ule uchangamfu wa mtu aliyetoka kuimba.

"Ule wimbo wa 'Jirani Hana Haya' umenishangaza," alisema. "Zamani tuliuimba tukicheka, watu wanarukaruka, vumbi mpaka magotini. Leo nimeuimba taratibu nikakuta ni wimbo wa mtu anayelia. Hivi uliutunga ukiwa unalia?"

Chiriku alitoa simu, akaandika. Simu ya Tetere ikalia mkobani.

"Nilikuwa na njaa tu."

Tetere alicheka mpaka akajishika mbavu. Tangu ahame alikuwa hajacheka naye namna hiyo.

"Basi njaa yako ilikuwa na maneno matamu. Nyimbo zote hizi, kumbe zilikuwa za huzuni. Tulikuwa tunawachezesha watu msiba."

Simu ikalia tena.

"Umependeza leo."

Aliusoma, akaushikilia ule ujumbe muda kidogo.

"Niambie kwa mdomo," alisema. "Chezesha midomo tu, nitaisoma. Sihitaji sauti."

Chiriku aliinamia viatu vyake. Kisha akaandika: "Koo linauma."

"Haya. Pole." Tetere alinyoosha mkono akamfungua skafu, akaifunga upya. "Na wewe unafunga kama mtu anayejinyonga. Mwanaume mzima huna mtu wa kukuambia."

Vidole vyake vilimgusa shingo, pale pale penye kovu. Chiriku alitoka pale amelewa bila kunywa. Alifika nyumbani, akafagia sebule, akafua mapazia, akatupa magazeti ya tangu enzi hizo. Kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke, alitandika kitanda pande zote mbili.

Dada yake akapiga simu akiwa bado ameshika ufagio.

"Kaka, nasikia mnaonana."

"Kazini," alinong'ona.

"Kazini, kazini! Wifi yangu nimekutana naye sokoni, uso unang'aa kama kapakwa mafuta. Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Usinitie wazimu. Kwamba unaongea."

"Huku ni kuongea?"

"Mimi nakusikia. Kwani mimi nasikia kwa pua?"

"Wewe ni dada. Wewe hata nikikoroma ni kaka yako." Alikaa kitako kwenye ukingo wa kitanda. "Yule alinipenda kwa koo. Kila siku anavaa zile hedifoni anaisikiliza sauti yangu ya zamani, halafu nikamtolee huu msasa? Ataizika siku hiyo hiyo. Na mimi pamoja nayo."

"Kwa hiyo utamgongea meza mpaka mzeeke."

"Nitapata njia."

"Njia ipo mdomoni mwako, unaizunguka," alisema dada yake, akakata simu.

Siku chache baadaye Prodyuza alimwambia neno ambalo hakupaswa kumwambia, lakini Prodyuza ni mtu ambaye siri kwake ni kama kikohozi.

"Mzee, mama kaniomba sauti yako."

"Sauti gani?"

"Ya kwenye kanda. Peke yake, bila kinanda, bila chochote. Nimemwekea kwenye simu. Anasema anaisikiliza nyumbani."

Chiriku aliligeuza neno hilo kichwani kutwa nzima. Upande mmoja lilimpa raha: mkewe anatembea naye mkobani. Upande mwingine lilimchoma: anayetembea naye ni kijana yule, mwenye meno yote na koo zima, asiyewahi kulala wodini, asiyewahi kumnunia mtu. Ushindane vipi na mtu huyo? Hakosei hata noti moja.

Jioni hiyo Tetere akapiga.

"Gonga kama unanisikia."

Chiriku aligonga simu kwa ukucha, mara moja.

"Umekula?"

Mara moja.

"Muongo. Umekunywa chai ukasema umekula."

Hakugonga.

"Nimemwomba yule kijana sauti yako," alisema Tetere. "Nadhani keshakwambia, yule hafungi mdomo. Usimkasirikie. Nikiwa jikoni huwa naiweka. Dada yangu mwanzo alidhani nimepata mwanaume. Nikamwambia ndiyo, nimempata." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Unajua kwa nini naisikiliza?"

Mara mbili.

"Kwa sababu inaniongelesha. Basi, hakuna kingine. Inasema 'mpenzi', inasema 'njoo', inasema 'umechelewa wapi'. Mwaka mzima ndani ya nyumba ile sikuitwa. Kuna siku nilikuwa naacha redio imewashwa kwenye taarifa ya habari ili tu nisikie mwanaume anasema 'habari za jioni'. Nikamjibu. Nilimjibu mtangazaji, unasikia?"

Mara moja, taratibu.

"Sikulaumu. Hilo ndilo nililopiga kukwambia. Nilikuwa nakulaumu zamani, nikiona kama unaninunia. Lakini kukuona pale studio, umekaa kwenye lile sofa unawasikiliza watu wakiongea na wewe huna hata neno, nimejiona mbaya. Ni koo, si wewe. Kama ungekuwa umebakiwa hata na neno moja, ungenipa mimi kwanza. Sivyo?"

Hapo, jamani. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno lilimpanda Chiriku mpaka kwenye meno. Aliufungua mdomo. Alichotakiwa kusema ni kitu kidogo tu, hata jina lake. Akaisikia sauti itakavyokuwa, mkwaruzo ule ukiingia sikioni mwa mwanamke ambaye dakika chache nyuma alikuwa akimsikiliza kijana. Akafunga mdomo.

Aligonga. Mara moja.

"Nilijua," alisema Tetere, na alikuwa analia kwa furaha. "Basi tumalize ule wimbo wa mwisho. Tukiumaliza nakuja na sanduku langu. Nitajifunza kuishi na mtu anayegonga meza. Watu wanaishi na mabaya zaidi."

Mtu mwingine angeishia hapo akashukuru. Alikuwa ameshapata alichokitaka, mke anarudi, tena anarudi kwa bubu, kwa hiari yake. Angekaa kimya tu. Lakini Chiriku alikuwa mwimbaji, na mwimbaji haridhiki na kupendwa hivi hivi. Anataka apendwe kwa sauti.

Wimbo wa kumi ulikuwa "Nakuja kwa Miguu". Ndio aliomtungia Tetere wakati anamtaka, alipokuwa hana hata nauli na kutoka kwao hadi kwa kina binti ni mwendo wa nusu siku. Prodyuza alipoufungua akakuta kanda imeliwa na ukungu. Ubeti wa kwanza mzima, kiitikio kizima, ubeti wa pili mvumo mtupu.

"Tuna njia mbili, mzee," alisema. "Tuukate ubeti, au niufundishe mtambo ukuige. Ukipewa zile nyimbo tisa utakuimbia hata matangazo ya mkutano."

"Usifundishe kitu," alinong'ona Chiriku. "Nitaimba mimi."

Prodyuza aligeuka na kiti chake.

"Kwa huo mnong'ono?"

"Mbaya?"

"Si mbaya. Tatizo ni mzuri mno." Akawa tayari anahangaika na nyaya. "Njoo, ingia, simama karibu kabisa na maiki, karibu kama unataka kuila. Usiimbe. Sema tu. Mimi nitautafutia pa kulala."

Chiriku alisimama pale alipokuwa akisimama mkewe. Akanong'ona ubeti mzima, mstari kwa mstari, akipumzika kumeza mate. Nakuja kwa miguu, usiniulize viatu. Nakuja na vumbi langu, usinifutie mlangoni. Prodyuza akauchukua ule mkwaruzo, akautilia mwangwi, akatandika kinanda kimoja kirefu chini yake, na sauti ilipotoka kwenye spika mzee alilazimika kukaa. Haikuwa msasa tena. Ilikuwa sauti ya mtu aliyefika kweli, kwa miguu, baada ya miaka mingi njiani.

"Mama anajua kuwa unaweza hivi?" aliuliza Prodyuza.

"Atajua kesho. Akivaa hedifoni."

"Mpigie sasa hivi. Mimi natoka nje."

"Hapana. Nataka aisikie ikiwa imeshapambwa."

"Mzee, mimi sijaoa, sijui mambo yenu. Lakini ningekuwa mimi..."

"Basi subiri uoe," alinong'ona Chiriku, na alikuwa anacheka.

Kesho yake Tetere alikuja na sanduku. Aliliburuta mpaka ndani ya studio, akaliegemeza kwenye sofa ubavuni mwa mumewe, akampigapiga begani bila kusema kitu. Kisha akaingia chumba cha kurekodia, akavaa hedifoni.

"Leo niko tayari," alisema. "Niwekee mpaka mwisho, nisikie kwanza, halafu niimbe."

Ubeti wa kwanza ulipita, kijana akiimba, Tetere akitikisa kichwa polepole. Kiitikio kikapita. Kisha ubeti wa pili ukaingia, na Chiriku akasimama, akausogelea mlango wa kioo ili awe karibu mkewe akitoka mbio.

Tetere hakutoka mbio. Aliacha kutikisa kichwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaivua hedifoni, akaishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Ni nani huyu?"

Prodyuza alimtazama mzee. Chiriku alifungua mlango, akaingia, akasimama mbele ya mke wake.

"Mimi," alinong'ona.

Na kwa kitambo uso wa Tetere ulifunguka wote. Aliinua mkono akamgusa koo juu ya skafu, akamgusa kama mtu anayepapasa kujua kama mtoto ana homa.

"Imerudi," alisema. "Imerudi lini? Leo?"

Chiriku alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Tena kwa mdomo. Akasita, na kwenye kusita kwake Prodyuza akaona amsaidie, Mungu amsamehe.

"Mama, hata mimi mwanzo nilishtuka," alisema kwenye maiki. "Siku ile ya kwanza aliponisalimia hivyo nilidhani ananitania. Lakini ukiizoea ni sauti safi kabisa."

Mkono wa Tetere ulibaki pale pale kooni.

"Siku ya kwanza," alisema. "Ya albamu? Tangu tuanze?"

Alimtazama Prodyuza kupitia kioo, kisha mumewe.

"Na nani mwingine?"

"Dada," alinong'ona Chiriku.

"Wifi yangu anakusikia."

"Na kinyozi."

Tetere aliondoa mkono.

"Tangu lini?"

"Ulikuwa bado uko nyumbani."

Alitafuta stuli kwa nyuma, akakaa. Prodyuza aliinamia vitufe vyake akijifanya hayupo, lakini hakuna aliyekumbuka kuzima maiki, na kila neno lilitoka kwenye spika zile kubwa.

"Yale maji ya bafuni," alisema Tetere. "Kila asubuhi ulifungulia bomba saa nzima."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali.

"Mimi nilidhani unalia. Nilidhani unafungulia maji nisikusikie ukilia. Nilikuwa nakaa sakafuni nje ya mlango ule, na mimi nalia, ili tusilie kila mtu peke yake. Kumbe uko ndani unajifunza kusema."

"Niliona aibu." Mnong'ono ulikuwa unamkatika. "Ulinipenda kwa sauti ile. Nikikutolea hii ungenikimbia."

"Nani alikwambia nilikupenda kwa sauti?"

"Wewe. Kila tulipohojiwa redioni ulisema."

"Redioni." Tetere alimtazama kama anayetafuta mahali pa kuanzia. "Redioni nilisema pia kwamba hatujawahi kulala na njaa. Wewe hukuwepo? Hukujua tulikula nini? Ulitembea nusu siku ukafika kwetu viatu vimefunguka mdomo, ukakaa chini ukalala kabla hujaimba hata mstari mmoja. Mimi nilishakubali wewe bado umelala."

"Nilitaka nikupe ikiwa nzuri. Leo nimekupa mbele ya dunia nzima."

"Sikuwa naomba mbele ya dunia. Nilikuwa naomba jikoni."

Chiriku alinyoosha mkono. Tetere hakuupokea.

"Kisu kilipochukua ile sauti, nilisamehe kabla hujatoka wodini," alisema. "Sikuwa na kesi na kisu. Lakini hii ulikuwa nayo. Ulikuwa nayo ukaigawa. Umempa dada yako, umempa kinyozi, umeupa mtambo. Mimi umeniachia ukucha." Alifuta macho kwa kiganja. "Na juzi nilikuuliza. Nilikuuliza kwa kinywa changu, ukiwa na neno moja ungenipa mimi kwanza? Ukagonga."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Na mimi niliogopa, mwaka mzima, nikiwa na mtu ndani ya nyumba. Ungeniambia tu hivyo. 'Naogopa.' Ni neno moja."

Kwenye spika ulisikika mvumo wa kile kinanda kirefu ambacho Prodyuza alikuwa amekisahau kinaendelea.

"Mama," alisema Prodyuza kwa sauti ndogo, "tunaweza kuahirisha. Au nimtoe kwenye ubeti. Nakata sasa hivi."

"Mwache." Tetere alisimama, akaivaa hedifoni. "Ni mzuri. Niwekee toka mwanzo, tumalize kazi. Wewe toka nje, unanizibia maiki."

Hayo ya mwisho alimwambia mumewe. Chiriku alitoka akasimama nyuma ya kioo.

Tetere akaimba mara moja, bila kurudia. Ubeti wa kwanza alimjibu kijana, kwa upole, kama mama anavyomuaga mtoto anayesafiri. Ubeti wa pili, mnong'onaji alipoingia, hakumjibu. Alinyamaza mistari yote minne, akamwacha aseme peke yake mpaka amalize, kisha akaingia na kiitikio na kukiimba chini sana, chini kuliko alivyowahi kuimba maishani. Prodyuza alisahau kupumua. Watu wanaoisikiliza albamu ile leo wanasema ukimya wa ubeti wa pili ndio uliowaliza, na wanadhani ulipangwa.

Alipotoka alichukua mkoba wake, kisha akashika mkono wa sanduku.

"Mke wangu," alinong'ona Chiriku. "Usiende."

Tetere alisimama.

"Sema tena."

"Mke wangu. Usiende. Nitasema kila siku. Nitasema mpaka uchoke."

Alimsikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, vile vile anavyosikiliza sauti kabla ya kuamua kama irudiwe. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Ni sauti nzuri," alisema. "Ningeishi nayo."

Akaburuta sanduku lake kupita kwenye benchi la uani, akatoka getini na kushika njia ya kwa dada yake. Prodyuza hakujua afanye nini na mikono yake, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi kazi.